Breki Zilizofungiwa Mkebeni

Pikipiki yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa na breki moja, na mimi nilidhani ndivyo zilivyo zote. Nilitokea pwani ya Tanga, ambako hakuna mlima wa kumtisha mtu mzima, na chombo pekee nilichowahi kuendesha kilikuwa baiskeli ya kaka yangu, ambayo breki yake ilikuwa soli ya kiatu. Kwa hiyo nilipokabidhiwa pikipiki ya ofisi pale Mbinga, na fundi akanionyesha pedali ya breki kwenye mguu wa kulia, sikuuliza mbona mbele ya mshikio wa mkono wa kulia pana alama ya kitu kilichong'olewa. Kuuliza si ujinga, lakini nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilijiona nimesoma.

Nilikuwa Bibi Maendeleo. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa kila mtumishi aliitwa kwa kazi yake. Kulikuwa na Bwana Shamba, kulikuwa na Bwana Afya, na mimi, mwanamke pekee wa ofisi ile mwenye leseni ya pikipiki, nikawa Bibi Maendeleo hata kwa watu walionizidi umri mara mbili. Kazi yangu ilikuwa madarasa ya kina mama ya kusoma na kuandika. Jumatatu nilikwenda Ukata, kwenye milima, na Alhamisi niliteremka ziwani, upande wa Liuli, nikalala huko na kurudi Ijumaa. Nilivaa gauni, chini yake suruali ya kaki, na kanga nikaifunga kibwebwe isiliwe na mnyororo. Walionicheka njiani niliwapungia mkono. Walionitukana niliwatukana.

Fundi wetu alikuwa Mmatengo wa makamo, mpole, mwenye mikono iliyonuka petroli hata kanisani. Alinifundisha kwenye uwanja wa mpira, na alinifundisha vizuri, lazima niseme hivyo kabla sijasema mengine. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, alisema, usifanye jambo lolote kwa ghafla, wala kuongeza mwendo, wala kupunguza, wala kukata kona. Kwenye mchanga wa ziwani punguza upepo kwenye matairi, kaa nyuma kidogo, uiache pikipiki itikisike inavyotaka, ukishindana nayo utaanguka. Ukivuka kijito, breki imelowa na haitakushika, basi endesha polepole huku umeikanyaga kidogo mpaka ikauke kwa joto lake. Haya yote nilikuja kuyaona kuwa kweli.

Jambo la mwisho hakunifundisha yeye. Hilo lilikuwa desturi ya ofisi nzima. Petroli ilikuwa ya shida, tukaambiwa kila mara tubane matumizi, nasi tukabana kwa moyo wetu wote. Barabara ya ziwani ikifika ukingoni mwa milima inaanza kuteremka, inateremka saa nzima. Pale juu kila mwenye pikipiki alizima injini, akaweka nyutro, gia isishike kitu, akajiachia. Mlima mzima unaushuka bila kula hata tone! Tulijisifia jambo hilo. Bwana Shamba alikuwa akisema kwamba kwenda ziwani ni kazi ya serikali, ila kushuka ni zawadi ya Mungu. Nami nikazima kama wenzangu, nikateremka kimya nikisikia ndege.

Siku niliyoanguka ilikuwa Alhamisi, mwishoni mwa masika. Jua lilikuwa limetoka na barabara ilishakauka. Nyuma nimefunga kasha la vitabu na taa ya karabai. Nilizima injini mahali petu pa siku zote na kuanza kushuka, mguu juu ya breki. Baada ya kona kama nne nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Pedali ikaanza kuzama. Nilikanyaga, ikazama zaidi, nayo pikipiki haikuwa na habari na mimi. Nikakanyaga kwa uzito wangu wote na bado kona ya tano ikanijia kwa kasi ambayo mpaka leo nikiikumbuka nyayo zinanitoka jasho. Sikuiweza. Nilitoka barabarani, nikaruka ukingo, nikatumbukia kwenye shamba la mtu.

Wamatengo hawalimi matuta ya kunyooka kwenye ile miteremko yao. Wanafyeka majani, wanaume wanayalaza chini kwa mistari inayokatana, kisha wanawake wanachimba udongo katikati na kuyafukia yale majani, ukabaki mteremko mzima umejaa mashimo kama sega la nyuki. Wanayaita ngolo. Maharage huota kwenye kingo na maji ya mvua hukaa ndani ya mashimo. Mimi na pikipiki yetu ya serikali tulizivunja kingo za ngolo tatu, na kwenye ya nne tukakaa, mimi ndani ya tope mpaka kiunoni, goti limechanika, mafuta ya taa yakitiririka juu ya vitabu. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi niliyasikia ya wakuu wote, neno kwa neno, na guu nusura livunjike.

Mwenye shamba alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye jembe begani. Aliponiona ni mzima alianza kunisema kwa Kimatengo, akaona sielewi, akahamia Kiswahili ili matusi yasipotee bure.

"Wewe ndiye Bibi Maendeleo?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya ndiyo maendeleo?"

Watu walinisaidia kuitoa pikipiki, na lori lililokuwa likipanda likatubeba kuturudisha Mbinga.

Mkuu wetu wa ofisi alikuwa mtu mwenye haki na mwenye woga, naye alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mwisho wa mwezi pikipiki ataikabidhi kwa Bwana Shamba, ambaye yake ilikuwa imechakaa, na mimi nitakuwa nikisubiri lori la kwenda ziwani. "Ni kwa usalama wako, Ndugu," akasema. Lori la ziwani lilikwenda likipenda. Lingeweza kupita wiki hii, na lisipite tena mpaka mwezi ujao.

Nilijua maana yake. Kule ziwani nilikuwa na darasa ambalo limefika katikati, mahali pabaya kuliko pote pa kuliacha, maana mtu ameshazijua herufi lakini bado hazijamwambia kitu. Kulikuwa na mama mmoja mkausha usipa, wale samaki wadogo wa Nyasa. Mume wake alikwenda kufanya kazi migodini kusini na alimwandikia barua. Kila barua ilisomwa na jirani, kwa sauti, mpaka ya chumbani yakajulikana mtoni. Mama huyo alikuja darasani na mikono inayonuka samaki akaniambia hataki kujua mambo mengi, anataka barua yake tu. Tulikuwa tumefika maneno ya silabi tatu. Nikikosa wiki nne au tano, nilijua atarudi kwa jirani na hatakuja tena. Nililia usiku ule, na haikuwa kwa ajili ya goti.

Asubuhi nilikwenda kwa yule mama wa Kimatengo kumtengenezea shamba lake. Hakuna aliyenituma. Nilikwenda kwa aibu, na pia kwa sababu nilikuwa na hasira na sikuwa na mahali pa kuipeleka. Alinipa jembe, akanionyesha, akanicheka kwa jinsi ninavyolishika, na siku ya pili akaacha kunicheka. Nilikuwa nikifukia majani ya ukingo wa pili nikaona nimechoka, nikamuuliza kama lile shimo moja lililobaki zima halitatosha, kwani upande ule si mkubwa.

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama mguu mmoja hautoshi.

"Kila shimo linashika maji yake," alisema. "Hili ukiliacha limebomoka, maji yake yanakwenda kwa la chini. La chini litashika ya wawili. Litashindwa, litabomoka. Basi na linalofuata. Mvua moja tu, shamba lote liko mtoni."

Akaendelea kulima. Mimi nilisimama na jembe mkononi. Niliiona pedali ile ikizama chini ya mguu wangu, na nikakumbuka ile alama kwenye usukani. Breki ya nyuma ilikuwa imebeba ya wawili, na zaidi ya wawili, kwa sababu na injini tuliizima wenyewe. Nilimaliza ngolo zile kwa haraka ambayo mama yule aliipigia kelele, nikaenda moja kwa moja kwenye banda la fundi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Goti linasemaje?"

"Goti halina neno. Nataka kujua hapa palikuwa na nini." Nikaweka kidole kwenye alama.

Aligeuza spana mkononi kwa muda mrefu. "Breki ya mbele," akasema. "Niliitoa. Nimezitoa zote, za pikipiki zote za ofisi."

"Kwa nini?"

"Inaua."

Kisha akanieleza. Alikuwa na mdogo wake, tarishi wa ofisi, miaka kadhaa kabla sijafika. Siku moja ya mvua, njia ya Ukata, udongo umekuwa sabuni, mbuzi akakatiza mbele yake. Kijana akakamata breki ya mbele kwa vidole vyote. Gurudumu likafunga, likateleza, kichwa kikakuta jiwe. Tangu hapo kila pikipiki mpya ikiletwa, kabla hata hajaitia oili, fundi hukifungua kile kishikio cha mbele na waya wake. Alifanya hivyo kimya, wala hakuna aliyemuuliza, maana wengi wetu tulitoka kwenye baiskeli na wote tulikuwa tumesikia kwamba breki ya mbele humrusha mtu.

Mimi nina ulimi mbaya. Nilimwambia, "Basi baba, umetuokoa na tope ukatuachia mteremko utuue."

Aliinama akaendelea na kazi yake, nami nikaondoka. Njiani nilitaka kurudi kuomba radhi, lakini hasira ikanishika shati, nikaenda nyumbani nikalala na njaa.

Kesho yake alikuwa amefika bandani kabla yangu. Juu ya rafu yake siku zote kulikuwa na mkebe wa chai ambao nilidhani una misumari. Sasa ulikuwa mezani, wazi. Ndani mlikuwa na vishikio vya breki, kila kimoja kimeviringishwa kwenye kitambaa, vimepakwa grisi visishike kutu. Alikuwa amevitunza vyote. Kimoja kilikuwa kimepinda.

"Cha kwako hiki," akasema, akachukua kimoja kilichonyooka. "Lakini hutoki hapa mpaka mkono wako ujue adabu."

Nikamwomba radhi. Akasema nisimcheleweshe.

Alikifunga, akapitisha waya mpya, akaulegeza kidogo ili kishikio kisogee kidogo kabla ya kuanza kukaba. Pedali ya nyuma aliishusha, akasema huwa naikanyaga bila kujijua kwa sababu iko juu mno, ndiyo maana ilikuwa inaungua. Nikamweleza habari ya ngolo, shimo la chini kubeba maji ya wawili. Sikuwa nimefika nusu akaanza kucheka, mara ya kwanza kumwona akicheka.

"Unamfundisha Mmatengo ngolo?" akasema. Kisha akaitazama pikipiki. "Injini nayo ishike yake, basi. Gia ya pili, mlima mzima. Usiizime."

"Na petroli?"

"Petroli watakulaumu ukiwa hai."

Kwa wiki moja, kila jioni tulikuwa uwanjani. Vidole viwili tu, alisema, na bonyeza kama mtu anayeangalia parachichi kama limeiva. Ukihisi gurudumu la mbele linataka kuteleza, achia. Punguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa imesimama wima, ukishailaza kwenye kona umechelewa. Kwenye udongo uliolowa sahau kabisa ya mbele, iachie injini na mguu. Nilianguka mara mbili kwenye majani nikainuka. Siku ya sita nilisimama kwenye mstari wa goli, papo hapo nilipotaka, bila mkwaruzo. Fundi alipiga makofi. Nilimwambia apande na yeye ajaribu, akatikisa kichwa, akasema tangu mdogo wake afe hajaishika ya mbele barabarani. Sikumsukuma.

Wiki ya mwisho ya mwezi ndipo Mungu akanipangia. Mkuu wetu alikuwa na mkutano kijijini kule ziwani, siku ileile ya darasa langu, gari la ofisi limelala na gia zake mezani, na Bwana Shamba ana homa. Ilibaki pikipiki moja nzima na mwendeshaji mmoja. Mkuu alizunguka ofisi kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwisho akaja akasimama mbele yangu na begi lake.

"Utakwenda polepole?"

"Nitakwenda salama, mzee."

Fundi aliongeza upepo kwenye tairi la nyuma kwa sababu ya abiria, akakaza springi, akajaribu breki zote mbili kwa mkono wake. Tulipokuwa tunaondoka nilimwona amesimama katikati ya lango.

Juu, ukingoni mwa milima, mkuu alinigonga begani. "Zima hapa, Bibi Maendeleo. Tubane mafuta."

"Hapana, mzee."

"Nini?"

"Leo tunabana watu, mzee. Mafuta tutayabana tambarare."

Nikaweka gia ya pili. Injini ikaanza kunguruma ikitushikilia, nami kabla ya kila kona nikibonyeza vidole viwili na mguu pamoja, kidogo, nikiachia, nikibonyeza tena. Mkuu alinikamata kiuno kwa nguvu ambayo ingemletea maneno kwa mke wake. Tulipita kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Niliweka pua yangu tayari kwa ile harufu na sikuisikia.

Tulipoingia ya tano, barabara ilikuwa imejaa watu. Kina mama watano sita walikuwa wakivuka na matita makubwa ya majani vichwani, majani yanawafunika mpaka mabegani, hawaoni upande wala hawasikii. Nyuma yangu mkuu alitaja majina ya watakatifu wake wote. Nilikuwa nimeshapunguza kabla ya kona, kwa hiyo pikipiki ilikuwa wima na mkono wangu uko mahali pake. Nikabonyeza. Sehemu ya mbele ikainama kidogo, gurudumu likashika ardhi, tukasimama. Kati yetu na tita la kwanza palikuwa na nafasi ya mtu kulala.

Tita likageuka. Chini yake alikuwa yule mama mfupi mwenye shamba.

"Leo umesimama juu," akasema.

"Nimesimama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pita, basi." Akamtazama mkuu wetu aliyekuwa mweupe midomoni. "Na mzigo wako huo."

Mkuu aliomba tusimame kidogo, akaenda nyuma ya mti, akakaa huko muda mrefu kuliko haja yake. Aliporudi alipanda bila kusema lolote kuhusu mafuta.

Kule ziwani mkutano wake uliisha mapema, akaja kukaa nyuma ya darasa langu. Mama mkausha usipa alikuwa amekuja na barua. Ilikuwa imefika siku tatu kabla na alikuwa hajaifungua, alinisubiri. Aliifungua, akaisoma kwa midomo, kidole kikisogea silabi kwa silabi. Alifika katikati akacheka peke yake, kisha macho yakamjaa machozi. Mkuu, kwa wema wake, akamwambia, "Tusomee, mama, tusikie."

Mama akaikunja barua akaiweka kifuani. "Hii si ya mkutano, mzee," akasema.

Darasa liliangua kicheko, na mimi nikajigeuza ubaoni kufuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi. Jioni mkuu aliniambia kwamba pikipiki ibaki kwangu. Alisema kwa haraka, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima akakawia nacho.

Ijumaa tuliporudi Mbinga fundi alikuwa bado amesimama langoni, au amesimama tena, sijui. Alinitazama mimi kwanza, kisha mkuu, kisha akainama akagusa gurudumu la nyuma kwa kiganja kuona kama lina moto. Halikuwa na moto. Akaingia bandani. Nilipomfuata nilikuta mkebe uko mezani na pikipiki mbili zimesimamishwa, vishikio vyao vipya vinang'aa kwa grisi. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu jana, kabla hajajua kama tutarudi.

Mkebeni kilibaki kile kilichopinda. Alikiviringisha kitambaa chake vizuri, akafunga kifuniko, akaurudisha mkebe juu ya rafu. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali, akachukua pikipiki ya Bwana Shamba akaanza kuisukuma kuelekea nje.

"Unaipeleka wapi, baba?"

"Uwanjani," akasema, bila kugeuka. "Twende, mwanangu. Na mimi unifundishe."

Alikuwa ameshafika njiani. Nikasahau kwamba nina vumbi la safari na kwamba sijala, nikamfuata nikikimbia.